Shule zimefungwa kwa mlipuko wa ugonjwa, watoto watatu simu moja. Mnafanyaje jamani?

MamaWatatu

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana hapa nilipo akili imegota. Shule zimefungwa kwa sababu ya huu mlipuko na tangazo linasema mpaka hali itakapotengamaa, sasa itatengamaa lini hakuna anayejua. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 14 yuko darasa la mtihani, wa kati ana 9, mdogo ana 5 ndo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha silabi. Mimi kazi yangu haifanyikii nyumbani, natoka asubuhi narudi jioni, watoto wanabaki na bibi yao, mama mkwe wangu, kusoma hajui ila anawapenda na anawasimamia vizuri tu sina malalamiko.

Shida iko kwenye masomo. Walimu wametuweka kwenye magrupu ya WhatsApp, watoto watatu grupu tatu, na simu janja ni moja ambayo ni yangu na naondoka nayo. Nikirudi jioni nikiwasha data zinashuka picha za ubao mfululizo, voisi za dakika nane nane, pdf zisizofunguka, alafu mwisho kabisa mwalimu ameandika "kazi iwasilishwe kesho saa mbili asubuhi". Jana nimekaa na wa kati tunanakili hesabu kutoka kwenye picha ambayo kona moja imemezwa na mwanga wa dirisha, tunabishana kama ile namba ni 3 au 8, mtoto analia, mimi nakaribia, mkubwa kajifungia ndani anasema hataki kusikia habari ya shule. Na mdogo naye akisikia mtu anakohoa tu anauliza na huyo atakufa?

Sasa naulizeni, nilazimishe hizi kazi zote au nichague? Nianze na yupi? Na huyu mdogo namjibu nini? Wenye uzoefu wa kipindi kile cha korona njooni mnisaidie.

---

kijana_wa_zamani

Waache wapumzike tu mama, shule ipo haikimbii. Newton mwenyewe chuo kilifungwa kwa tauni mwaka 1665 akarudi kwao kijijini, huko huko ndo akaanza kuchekecha mambo ya mvutano na hesabu zake mpya. Hakuwa na grupu la WhatsApp 😂

---

Mwl_Chaki

Huyo Newton mnamsingizia. Mwaka ule alikuwa kijana wa miaka 22 na shahada yake mkononi, hakuwa mtoto wa miaka 9 anayegombana na hesabu za kukopa. Ukimpa mtoto wa miaka 9 likizo isiyo na mwisho hatogundua mvutano, atagundua njia ya kupanda juu ya paa.

Mama Watatu pole sana. Nimefundisha madarasa ya chini muda mrefu na sasa nimestaafu kwahiyo naongea bila kumwogopa mkuu wa shule yeyote. Kwanza kabisa, chagua. Ule mzigo unaomwagwa kwenye grupu haukupimwa kwa mtoto wako, mwalimu anatakiwa aonyeshe kwa wakubwa wake kwamba anafundisha kwahiyo anatuma kila kitu, na simlaumu maana na yeye hakuandaliwa kwa haya. Lakini wewe huna sababu ya kuubeba wote. Jiulize darasani mambo yanaendaje, kipindi ni dakika 40, humo ndani kuna kuingia, kukaa, kugawa madaftari, kunyamazisha wa nyuma, kusubiri aliyeenda kutafuta kalamu, mtoto kufanya kazi yenyewe kwa akili yake labda ni robo ya muda huo. Nyumbani mtoto mmoja na mtu mmoja anayemsikiliza, dakika 20 zinatosha kabisa kufanya kilichokuwa kipindi kizima. Anayekwambia mtoto wa miaka 9 akae mezani saa sita kama shuleni huyo hajawahi kukaa naye.

Huyo wa miaka 9 achana na picha za ubao kwa siku chache, kwanza jua amekwama wapi. Mpe hii: 52 kutoa 37. Akikuandikia 25 tayari ameshakwambia kila kitu, maana yake ameona 2 haitoi 7 akaigeuza, akafanya 7 toa 2 ni 5, alafu 5 toa 3 ni 2. Huyo si mzembe, ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu, ila ni kanuni mbovu. Na ukimpa maswali arobaini ya grupu atakosa yote arobaini kwa namna ile ile na jioni mtalia wote wawili kama jana.

Dawa yake haihitaji simu. Tafuta vijiti, mafungu matano ya kumi kumi ufunge na uzi, na viwili pembeni. Hiyo ndo 52. Mwambie akupe saba. Ataangalia vile viwili, ataangalia mafungu, atakuangalia wewe. Usiseme kitu! Hapo ndo somo lilipo. Mwenyewe atafungua fungu moja, sasa ana mafungu manne na vijiti 12, atoe saba vibaki vitano, atoe mafungu matatu libaki moja, 15. Akishafanya hivyo kwa mikono mara kadhaa ndo umrudishie kalamu.

Na bibi msimuone kama pengo. Mtoto akishamaliza kusoma ukurasa amsimulie bibi alichosoma, akishamaliza hesabu amweleze kaifanyaje. Bibi asiyejua kusoma ndo msikilizaji anayefaa kuliko wengi kwasababu hawezi kukurupuka kumsahihisha, atauliza tu "kwanini sasa umefungua hilo fungu?" na mtoto hawezi kujibu hilo swali kama hajaelewa. Sisi wenye haraka tunamnyang'anya kalamu.

---

Baba_Pacha

Mwalimu kwa heshima zote hapo kwenye dakika 20 sikubaliani na wewe. Nina mapacha wa darasa la tano, korona ile ilipokuja tuliwaachia kidogo tu, ndani ya muda mfupi wanalala saa nane usiku wanaamka mchana wamekasirika hawaambiliki. Mtoto anataka ratiba. Mimi niliandika ratiba nikabandika ukutani saa kwa saa, hisabati, sayansi, lugha, mapumziko, kengele nikaweka kwenye simu. Kama hakuna ratiba hakuna shule hapo ni kambi.

---

Mwl_Chaki

Baba Pacha hatupingani sana kama unavyodhani. Muda wa kuamka, muda wa kuoga na kuvaa, muda wa kula, muda wa kulala, hivyo vishike kwa mikono miwili, mtoto wa miaka 5 mpaka 13 anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 11 na ukishavurugika huo hata vijiti havitasaidia. Ninachokataa ni kengele ya hisabati saa tatu kamili kwenye nyumba ambayo mzazi hayupo, mtoto yuko na bibi, na mdogo anataka kwenda chooni. Ratiba ya saa kwa saa inavunjika siku ya pili na ikivunjika wote mnajiona mmeshindwa. Weka mpangilio tu, nini kinafuata baada ya nini. Baada ya chai ni hesabu, baada ya hesabu ni nje, baada ya nje ni kusoma. Hata asiyejua saa anaufuata, huyo wa miaka 5 pia.

Niulize tu, hiyo kengele iliendelea kulia mpaka shule zinafunguliwa?

---

Baba_Pacha

😅😅 Mke wangu aliizima. Tusonge mbele.

---

NesiWaZamu

Mama Watatu nimeguswa na huyo mdogo kwahiyo naanza na yeye, masomo wapo wenye mada yao.

Mtoto akiuliza "na huyo atakufa" usikimbilie kumjibu, kwanza muulize wewe umesikia nini? Mara nyingi utakuta kasikia kipande cha taarifa ya habari, kipande cha maongezi ya wakubwa, akaunganisha mwenyewe kitu cha kutisha kuliko ukweli. Alafu mjibu ukweli mdogo unaomtosha. Usimwambie "hakuna atakayekufa" maana kesho akisikia jirani kafariki hatokuamini tena hata kwa mengine. Mwambie watu wengi wakikohoa ni mafua tu na wanapona, wapo waliougua sana na wako hospitali wanatibiwa, na sisi hapa nyumbani tunafanya hivi na hivi ili tusiugue. Hapo kwenye "hivi na hivi" mpe cheo. Huyo awe ndo msimamizi wa sabuni, kila anayeingia ndani anawe mikono na yeye anahesabu mpaka 20 kwa sauti, bibi pia, na wewe ukirudi kazini pia usikwepe. Mtoto mwenye kazi ya kufanya hofu inampungua, na kuhesabu nako anajifunza hapo hapo.

Zimeni zile taarifa za idadi ya wagonjwa na vifo watoto wakiwepo. Anayetaka kujua aangalie mara moja kwa siku kwenye chanzo cha wizara ya afya, yaani inatosha kabisa, hayo mengine ya kufowadiwa ni kuongezeana presha tu.

Akianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, akang'ang'ania nguo yako asubuhi, akaongea kitoto, msimcheke wala kumchapa, watoto wanarudi nyuma wakiogopa na mara nyingi inapita yenyewe. Ila mtoto yeyote asipokula, asipolala, amejitenga muda mrefu haelekei kubadilika, au huyo mkubwa akaanza kusema bora asingekuwepo, hapo msikae na bibi mkajadili, mpelekeni kwa mtaalamu.

Jingine ambalo nalisema kila siku na watu hawasikii: CHANJO. Mwaka 2020 watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za kawaida za utotoni kwa hesabu za WHO na UNICEF, kliniki nyingine zilisimama na kwingine wazazi waliogopa tu kwenda. Alafu mlipuko mmoja ukiisha surua inapita nyuma yake kubeba watoto. Angalia kadi za wanao leo, kama kuna iliyopitiliza piga simu kituo chako uulize utaratibu waliouweka.

Na mchezo, watoto wa miaka 5 mpaka 17 wanatakiwa angalau dakika 60 kwa siku za kukimbia na kuruka mpaka wahemee. Kama kutoka nje kumezuiwa warukie humo humo ndani, kamba, kucheza muziki, chochote, mtavumilia kelele. Mtoto aliyechoka mwili anakaa kwenye daftari na usiku analala.

Mwisho naomba ufanye hili usiku wa leo. Simu unaondoka nayo, je wewe ukiugua kazini wanajuaje? Bibi akiugua mchana watoto wanampigia nani? Andika namba kwenye karatasi kubwa bandika ukutani, yako, ya jirani mmoja mnayeaminiana, ya dharura ya afya. Na kubalianeni kabisa nani atakaa na watoto kama wewe au bibi mtalazimika kutengwa. Wengi huanza kufikiria hili wakati gari la wagonjwa limeshafika.

---

MamaWatatu

Mwalimu shikamoo na asante sana, Nesi Mungu akubariki. Nimempa wa kati ile 52 toa 37 na KAANDIKA 25!! Nimebaki mdomo wazi. Miaka yote naambiwa hajitumi.

Namba nimebandika. Msimamizi wa sabuni kaanza kazi kwa ukali wa ajabu, kamrudisha bibi yake mara mbili kwamba kahesabu haraka.

Sasa nisaidieni kwa huyu mkubwa. Ni binti, anasoma vizuri, mtihani ulikuwa mwishoni mwa mwaka na hakuna anayesema kama upo au haupo. Bibi anachoka kwahiyo mchana yeye ndo anapika, anafua, na nilitaka nimpe na kazi ya kuwafundisha wadogo zake ila naona kama hasira zinazidi.

---

DadaMkubwa_

Mama Watatu naomba nikwambie kama binti yako angekuwa na ujasiri wa kukwambia. Mimi 2020 nilikuwa darasa la mtihani na mimi ndo mtoto wa kwanza wa kike. Shule zilipofungwa hakuna aliyekaa akasema "sasa wewe acha kusoma", hapana, ilikuja taratibu tu, saidia hiki, mshikie mdogo wako, maji yameisha, mgeni kaja, wewe si uko nyumbani tu. Kaka yangu nayeye alikuwa nyumbani tu lakini yeye alikuwa "anasoma". Usiku ndo napata kitabu na hapo macho yameshafunga. Hasira za binti yako mimi nazijua hazihusu shule, ni kwamba anaona mlango unafungwa na hakuna mwingine anayeuona.

Usimfanye mwalimu wa wadogo zake. Kusomea wadogo hadithi jioni sawa, hiyo ni raha hata kwake. Lakini ualimu kamili hapana. Kazi za nyumbani zigaweni kwa wote, mtoto wa miaka 9 anaosha vyombo na kufagia vizuri tu tena ni wa kiume najua hukusema ila nahisi 😀. Alafu mpe binti masaa yake ya asubuhi ambayo hayaguswi na mtu, mwambie bibi mbele yake, ili siyo yeye wa kukataa akitumwa.

Kuhusu mtihani mwambie ukweli kwamba hakuna anayejua ila historia inaonyesha mitihani huwa haiyeyuki. Kenya kwa mfano KCPE na KCSE, yaani mitihani ya kumaliza shule ya msingi na sekondari, za 2020 hazikufanyika mwaka ule, zikafanyika Machi na Aprili 2021. Uingereza walifuta kabisa kuketi mtihani mwaka ule na wanafunzi wengi wakapewa madaraja yaliyopangwa kwa kanuni ya kompyuta, ikawa kelele kubwa mpaka serikali ikageuza ikakubali makadirio ya walimu. Somo nililopata mimi ni madaftari yake yatunzwe, na kazi alizofanya ziwepo, maana hujui watakuja kukupima kwa kipi.

Kusoma kwenyewe asiangaike na silabasi yote. Mitihani iliyopita ndo mwalimu. Achukue mmoja aufanye kwa muda kamili, asahihishe, yale aliyokosa ndo topiki za wiki. Na awe na rafiki mmoja wa kusoma naye hata kwa kupigiana simu ya kitochi, mmoja anamweleza mwenzake swali. Ilikuwa ndo kitu pekee kilichonifanya niamke.

Na hili nisameheni wakubwa lakini lazima lisemwe. Sierra Leone wakati wa Ebola shule zilikaa zimefungwa mpaka Aprili 2015, mabinti wengi walipata mimba kipindi kile, na zilipofunguliwa wale wenye mimba wakazuiwa kuingia darasani, lile katazo likaja kuondolewa Machi 2020. Yaani walifungiwa mara mbili. Binti akiwa nyumbani mchana na wakubwa wote wametoka, jua nani anaingia na kutoka humo ndani, wakiwemo ndugu. Na mwambie waziwazi kwamba akiguswa au akiombwa kitu kisichoeleweka anakwambia na hatogombezwa. Si lazima liwe kikao, mkiwa mnafua pamoja mwambie tu.

---

kijana_wa_zamani

Dada umeongea mpaka nimeweka simu chini. Niliyeandika habari za Newton nimenyamaza.

---

Tafakuri

Naongeza la utafiti kidogo maana watu wanafikiri haya mambo ni ya kubahatisha. April 2020 UNESCO walikuwa wanahesabu wanafunzi kama bilioni 1.6 waliofungiwa nje ya shule kwenye nchi zaidi ya 190, kwahiyo waliosoma matokeo yake ni wengi.

Uholanzi ambako intaneti iko kila nyumba na shule zilifungwa wiki 8 tu, walipima watoto wa msingi wakakuta muda ule wa nyumbani walisogea kidogo sana au hawakusogea kabisa, na kwenye nyumba ambazo wazazi hawakusoma sana pengo lilikuwa kubwa zaidi. Kwahiyo mama usijione umefeli kwasababu huna simu tatu, wenye kompyuta kila chumba nao yaliwakuta.

Upande wa pili ni Botswana. Mwaka huo huo walijaribu kitu rahisi mno, kila wiki familia inatumiwa meseji ya kawaida yenye maswali ya hesabu, na baadhi wakaongezewa simu ya mwalimu ya dakika 15 mpaka 20, mzazi na mtoto wote wanasikiliza kwa spika. Waliopata meseji tupu hawakupata faida ya maana. Waliopata na simu watoto wao walisogea kwenye hesabu. Simu ya kawaida, bila bando, bila pdf. Mwalimu anamuuliza mtoto, anasikia anapokwama, anampa inayomfaa. Ni kile kile cha Mwl Chaki na vijiti vyake ila kupitia simu.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningemtafuta mwalimu wa darasa inbox, siyo kwenye grupu, nikamuomba dakika 15 kwa wiki kwenye kitochi cha bibi. Walimu wengi watakubali, hizo voisi za dakika nane nao zinawachosha.

---

Mwl_Chaki

Tafakuri hilo la simu ni la kale kuliko unavyofikiri. Chicago mwaka 1937 shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya polio, wakaamua kufundisha kwa redio, ratiba za vipindi zinachapwa kwenye magazeti, kila darasa na vipindi vyake vifupi. Shida iliyoonekana mapema ni kwamba redio haisikii swali, mtoto akipitwa kapitwa. Ikabidi walimu wakae kwenye simu kupokea maswali ya wazazi. Karibu miaka mia imepita na grupu la WhatsApp limerudi kuwa redio ile ile, linaongea halisikilizi.

Redio yenyewe siikatai. Sierra Leone waliitumia kipindi cha Ebola na 2020 wakairudisha haraka maana walishajua pa kuanzia. Kama nchi yako inarusha vipindi vya shule redioni bibi anaweza kuwasha, hilo halihitaji kusoma. Ila baada ya kipindi mtoto amweleze bibi kimesema nini.

Na kwa huyo wa miaka 5, usihangaike na karatasi za kazi. Silabi zake zimalizie kwa mdomo, taja neno yeye apige makofi kwa kila silabi, ba-ra-ba-ra makofi manne. Alafu vipande vya boksi uandike ba be bi bo bu, anapanga maneno sakafuni. Na umsomee kila jioni, hata kitabu hicho hicho kila siku, yeye anapenda kurudia kuliko wewe.

---

Baba_Pacha

Naomba kuuliza hapo hapo, shule zikifunguliwa walimu si watafidia yote? Maana naona kuna wazazi wameamua liwalo na liwe watafidia huko.

---

Tafakuri

Mkuu hapo ndo penyewe. Pakistan 2005 kulitokea tetemeko kubwa, haikuwa ugonjwa lakini shule zilifungwa vile vile, kama wiki 14. Watafiti walirudi miaka minne baadae, watoto wa maeneo yaliyopigwa walikuwa nyuma kwa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili ya masomo. Walikosa miezi mitatu na kitu, wakaja kupoteza zaidi ya mwaka. Ilikuwaje? Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba waliporudi darasani mwalimu aliendelea na mada ya darasa lile, ambao hawakuwa na msingi hawakuelewa, na kila mwaka wanaachwa mbali zaidi. Isipokuwa watoto ambao mama zao walikuwa wamesoma japo shule ya msingi, hao pengo halikuonekana.

Na kufungwa kunaweza kurefuka kuliko tangazo, Uganda zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Kwahiyo siku ya kwanza ya kufungua nenda na daftari, mwambie mwalimu mwanangu huku anaweza huku hawezi. Usisubiri matokeo ya mwisho wa muhula yakwambie.

---

NesiWaZamu

Na usiku wa kuamkia siku hiyo ya kufungua tegemeeni tumbo kuuma na kichwa kuuma. Wengine watakuwa wameshazoea kuwa karibu na nyie na watoto wa miaka 5 hasa watalia getini kama siku ya kwanza. Kama hana homa mpelekeni tu.

---

MamaWatatu

Narudi na mrejesho. Mwalimu wa darasa la wa kati nimemtumia ujumbe kama alivyosema Tafakuri, kajibu usiku ule ule, kumbe nayeye ana watoto wake wawili ndani na hajui awafanyeje. Atapiga Alhamisi saa kumi kwenye kitochi cha bibi. Kasema pia zile kazi za grupu nichague mbili kwa wiki nyingine niache na hatomwandikia mtoto sifuri.

Binti nimempa asubuhi yake. Nilimwambia mbele ya bibi na bibi kakubali ila kaguna kidogo, atazoea. Vyombo anaosha wa kati (ndiyo dada, ni wa kiume 😀), vimevunjika viwili. Hajafungua bado sana moyo lakini jana katoka mwenyewe na mtihani wa sayansi wa mwaka wa nyuma akaniuliza kama naweza kumshikia muda.

Swali la mwisho tu, zile pdf za huyu mkubwa hazifunguki kabisa kwenye simu yangu, inaandika nafasi imejaa. Nifanyeje?

---

Baba_Pacha

Dada nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utaona kila grupu limekula nafasi kiasi gani. Hizo voisi na video za grupu la wazazi ndo zimejaza, futa zote, alafu zima ile ya kupakua picha na video zenyewe zenyewe. Kama bado haifunguki basi simu haina programu ya kusoma pdf, pakua moja ndogo ya bure. Na zile ambazo ni maswali tu mwambie binti akae nayo nusu saa jioni anakili kwenye daftari, simu ikiondoka asubuhi anabaki nayo.